Jina la msukaji lisikatwe pamoja na kikaratasi

Mhariri, pole na kazi.

Naomba nafasi kwa gazeti lako niongee kuhusu yale maonyesho ya mafundi na madizaina chipukizi wa Afrika Mashariki yaliyofanywa hapa Nairobi juzi, upande wa Westlands. Yamesifiwa sana na mimi pia nayasifu, lakini kuna jambo limenikaa kooni na sijaona mtu akiligusa, na sisi mafundi tusipolisema sijui nani atatusemea. Jambo lenyewe ni hili: vitu vingi pale vilikuwa na majina ya wenye kuvichora, vikakosa majina ya wenye kuvitengeneza.

Mimi ni fundi wa ngozi Kariokor. Kwa wale hawajui, kile kiondo chako chenye mikanda ya ngozi hakikutoka Ukambani hivyo, kilitoka huko kikiwa kikapu tu, kikaletwa hapa sokoni, na sisi ndio tunatia mikanda, bitana, zipu na ribiti mpaka kinakuwa mkoba wa kwenda nao ofisini. Kwa hivyo nikiongea habari ya vikapu naongea kitu nashika kila siku.

Tuanze na mazuri juu yalikuwa mengi. Kulikuwa na kijana kutoka Uganda na mikoba ya lubugo, kile kitambaa cha magome ya mti wa mutuba, na alikuwa amebeba hata nyundo zake za mbao zenye mifereji, akawa anaonyesha watu vile gome linapondwa na kupondwa mpaka linatanuka na kulainika. Mti wenyewe haukatwi, gome likishabanduliwa shina linafunikwa na majani ya mgomba mpaka lipone liote gome lingine. UNESCO waliitambua hiyo kazi tangu 2005 na bado watu wengi wa Nairobi walikuwa wanaiona mara ya kwanza. Kulikuwa na imigongo za Rwanda, hizo picha za mistari na pembe pembe zinazofinyangwa kwa mavi ya ng'ombe na jivu halafu zinapakwa rangi, kulikuwa na mikeka ya ukindu kutoka Zanzibar, vibakuli vya mawe ya Tabaka vilivyochongwa vyembamba ajabu, na vijana wa Kibera ambao wanachukua mifupa na pembe za ng'ombe kutoka vichinjioni wanazikata wanazisugua mpaka zinang'aa, wanatoa hereni na vifungo vya koti. Nilifurahi sana kama fundi. Yule kijana wa lubugo aliniambia alikuja na basi kupitia Busia, na mzigo wake ulipita kwa kile cheti rahisi cha asili ambacho Jumuiya ya Afrika Mashariki inawapa wafanyabiashara wadogo pale pale mpakani kwa bidhaa zilizo kwenye orodha zisizozidi dola 2,000. Mafundi wengi wa huku hawajui hiyo njia iko, wanadhani kuvuka mpaka na kazi yako lazima uwe na kampuni na wakala. Nimeitaja kwa sababu inaweza kumsaidia mtu.

Sasa turudi kwa lile jambo la majina. Kando ya kila kitu mezani kulikuwa na kadi nzuri iliyochapishwa. Nilisimama mbele ya kikapu kimoja, kazi safi kabisa, kadi ina jina la dizaina, picha yake, alikosomea, nini kilimpa wazo, rangi zinamaanisha nini kwake, halafu chini kabisa kwa maandishi madogo: kimesukwa na kina mama wa Ukambani. Basi. Kina mama wa Ukambani ni wangapi jamani? Kutoka Machakos uende Makueni uende Kitui mpaka Mwingi, boma baada ya boma kuna mama anasokota nyuzi. Hapo hujataja mtu.

Na hapa ndipo naumia, manake mi najua jina lake liliko. Kikundi cha kina mama kikikusanya vikapu vya kuleta Nairobi, kila mama anafunga kikaratasi kwa kikapu chake, mara nyingi ni kipande cha katoni kimetobolewa shimo kikapitishwa uzi, ameandika jina lake na namba yake ya kikundi. Hiyo ni ya hesabu, mweka hazina ajue vikapu vya nani vimechukuliwa na nani alipwe ngapi, na kikirudishwa kwa sababu kitako kimepinda ijulikane ni cha nani. Vikifika Kariokor bado vina hivyo vikaratasi. Nimevisoma miaka yote nimekaa kwa hii kazi, mpaka nikaja kujua mikono ya watu ambao sijawahi kuona sura zao. Kuna mama mmoja mdomo wa kikapu chake huwa ameufunga kwa msuko wa mara mbili na hauachii hata ukitia mikanda mizito, nikiona jina lake kwa mzigo najua hiyo siku sindano itapita vizuri. Kuna mwingine anasuka akivuta uzi sana, kikapu kinakuwa kigumu, ukipitisha sindano vidole vinauma, lakini kikapu chake ndicho kitadumu kuliko vyote. Halafu mwenye mzigo anakuja anasema fundi, hizo karatasi toa, zinachafua kazi. Zinakatwa na makasi, zinaanguka chini pamoja na vipande vya ngozi, jioni tunafagia.

Kwa hivyo mtu asiniambie jina la msukaji halijulikani. Lilitoka kijijini likiwa limeandikwa kwa mkono wake mwenyewe, likapanda matatu na mzigo, likafika mpaka Nairobi, na likakatwa hapa mjini.

Labda watu hawajui kazi iko ndani ya kikapu kimoja. Mama anakata majani ya mkonge, anayaparua mpaka nyuzi zibaki, anazianika, anazisokota kwa kiganja juu ya paja uzi baada ya uzi na paja linachubuka, anatia rangi, anaanza kitako, anapandisha ukuta wa kikapu mzunguko baada ya mzunguko akihesabu nyuzi kichwani ili mstari wa rangi ukutane, mwisho anafunga mdomo. Na hii yote anaifanya katikati ya shamba na maji na watoto, wengine wanasuka hata wakitembea kwenda sokoni, wiki zinaisha kabla kikapu kimoja kikamilike. Dizaina naye alifanya nini? Alichagua ukubwa, akachagua rangi, akachora vile anataka mistari ikae, akatafuta soko. Hiyo ni kazi na siidharau hata kidogo, bila huyo dizaina pengine hicho kikapu kingeuzwa barabarani kwa bei ya kutupa. Lakini mara ngapi nimeona mchoro umetumwa kwa kikundi, kina mama wakasema hii haitasukika hivi, wakaurekebisha, na ile mistari mwisho inayosifiwa kwa maonyesho ni ya mama fulani aliyekaa chini ya mti akasema tufanye hivi? Hilo kadi haikusema.

Na si vikapu tu. Chukua hayo mawe ya Tabaka kule Kisii. Kuna wanaume wanachimba jiwe shimoni, kuna mchongaji anatoa umbo, halafu kuna kina mama wanakaa na karai la maji wakisugua na msasa, msasa mbaya kwanza halafu msasa laini, mpaka jiwe linakuwa laini la kupendeza, halafu nta. Ule ulaini wenyewe ndio mnunuzi anaupenda anapolishika jiwe, na ni kazi ya huyo mama wa msasa. Kwa kadi hata neno kumhusu hakuna, hata lile la jumla la kina mama wa mahali fulani hakupewa.

Niliuliza. Si kwa ubaya, nilienda kwa mmoja wa wenye meza nikamwambia dada, kazi yako ni nzuri, mbona huyu mwenye alisuka hajatajwa? Akanijibu kwa heshima tu, fundi, vikapu vinasukwa na watu wengi, leo huyu kesho yule, siwezi kuchapisha kadi kwa kila kimoja. Nikamwambia huhitaji kuchapisha, kadi tayari ilikuwa imefungwa hapo na mama mwenyewe, wewe uiache tu, na kama ile ya katoni inakukera mpe mama kadi nzuri tupu na kalamu aandike mwenyewe. Alinyamaza akasema atafikiria, na mi naamini atafikiria juu hakuonekana mtu mbaya. Hapo nadhani shida si roho mbaya, ni mazoea. Wengi wa hawa vijana madizaina walivikuta vitu vimeandikwa jina la kabila tu, Kikamba, Kimaasai, Kisii, kwa sababu ndivyo wazungu walivyokuwa wakiandika kwa makumbusho, na sisi tukachukua hiyo desturi bila kuiuliza.

Mwingine aliniambia kastoma hajali nani alitengeneza, anajali bei na rangi. Sikubali. Kwa hayo maonyesho meza iliyojaa watu kuliko zote ilikuwa ya yule kijana wa lubugo, na alikuwa anawaambia watu nani alimfundisha, babu yake ni nani, na vile huko Buganda kuna ukoo wa Ngonge ambao umekuwa ukitengeneza lubugo la kabaka, mfalme wao, tangu zamani na una mkuu wake wa mafundi. Watu walisimama wakasikiliza na wakanunua. Mtu akijua kitu kimetoka kwa mikono ya nani anakishika tofauti, hata akirudi nyumbani ana kitu cha kumwambia mgeni.

Ile sababu ya tatu hawaisemi kwa sauti lakini sisi wa sokoni tunaijua, wanaogopa jina likiandikwa mnunuzi ataruka katikati aende moja kwa moja kwa mama. Hii nitaijibu bila kumlaumu mtu, manake mtu wa katikati ana gharama zake, analipa usafiri, analipa meza, anakaa na mzigo ambao haujauzika, anabeba hasara ya vikapu vilivyoliwa na panya, na kuna wale wanalipa kina mama kabla mzigo uuzwe. Lakini jina si namba ya simu. Andika jina la mama na sehemu anatoka, Mama fulani wa Wamunyu, Mama fulani wa Kathiani, hiyo haimpi mtu njia ya kukuruka, inampa tu mama heshima yake. Na kama mama mwenyewe hataki jina lake liandikwe, basi liachwe, ni lake. Ila aulizwe kwanza. Na kama siku moja oda ikimfuata mama moja kwa moja kwa sababu kazi yake imejulikana, kwani hapo kuna hasara gani? Si tunasema haya maonyesho ni ya kuinua chipukizi? Huyo mama ambaye hajawahi kuwa na jina hata moja mjini ndiye chipukizi kuliko sisi wote.

Tunajua vile jina linafanya kazi. Kazi yote ya vinyago vya Kikamba, kuanzia Wamunyu mpaka wale wa Gikomba na Changamwe, wazee wanaifuata mpaka kwa mtu mmoja, Mutisya Munge, aliyeenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia akaona wachongaji wa huko wakichonga, akarudi nyumbani na huo ujuzi. Tunamjua kwa sababu watu walishika jina lake wakalirudia. Wale wachongaji waliomwonyesha sijasikia mtu akiwataja. Angalia Nigeria, kwa noti yao ya naira 20 kuna picha ya Ladi Kwali, mfinyanzi wa vyungu, mwanamke aliyejifunza kufinyanga kijijini kwa shangazi yake, na yuko kwa pesa ya nchi kwa jina lake. Na Magdalene Odundo wetu, aliyezaliwa hapa hapa Nairobi 1950, alienda mpaka Abuja miaka ya sabini kujifunza kwenye kile kituo cha ufinyanzi alikofanyia kazi huyo Ladi Kwali, leo vyungu vyake viko British Museum vimeandikwa jina lake na 2020 Uingereza wakampa cheo cha Dame. Hakuna anayeandika hapo kwamba chungu kimefinyangwa na kina mama wa Kenya. Sasa kwa nini yule msukaji wa Mwingi aandikwe hivyo?

Kuna bwana mmoja pale nilimsikia akilalamika vitu vingine si vya asili, ati kiondo chenye zipu na ngozi na rangi za kung'aa kimeharibu utamaduni. Hapo sikubaliani naye kabisa na nitasema kwa sababu vijana wanavunjwa moyo na maneno kama hayo. Mkonge wenyewe si wa huku, mimea ya kwanza ililetwa Tanganyika na Wajerumani 1893 kutoka Florida, kabla ya hapo kina mama walikuwa wanasuka kwa nyuzi za magome, mbuyu na miti mingine. Shanga za vioo za Wamaasai zilikuja na biashara kutoka Ulaya, mpaka leo zile nzuri zinatoka Ucheki na nyingi za bei rahisi zinatoka Uchina. Kila kizazi kilichukua kilichofika kikakifanya chake, na hawa vijana wanafanya hivyo hivyo. Kilichokaa pale pale ni ule mkono unaojua kusuka, na huo mkono ni wa mtu.

Kwa upande wa sheria sitaki kuingia sana. Katiba ibara ya 11 inasema Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe utamaduni wao ukitumiwa, na 2016 ikapatikana sheria ya kulinda maarifa ya jadi. Hiyo inalinda jamii, na ni vizuri. Dizaina naye ana sheria ya mali ya viwanda ya 2001, anaweza kusajili umbo la bidhaa yake kwa miaka mitano na kuongeza mara mbili mpaka 15. Kwa hivyo jamii ina sheria, dizaina ana sheria, na mama mmoja aliyekaa chini akasuka anabaki katikati hapo anategemea utu wa mwenye meza. Mi siombi Bunge, itachukua miaka. Naomba waandaaji.

Waandaaji wa maonyesho wakiandika masharti ya kupata meza waweke na hili: kila kitu kinachoonyeshwa kiwe na jina la aliyekitengeneza kando ya jina la aliyekichora, herufi zitoshane, na kama ni mikono mitano iandikwe yote mitano. Tayari wanauliza mambo mengi kwa ile fomu, ukubwa wa meza, picha za bidhaa, akaunti ya Instagram, hili ni swali moja zaidi. Halafu wapunguze zile nafasi za wageni wa heshima siku ya kufungua, walete wasukaji wawili watatu wakae pale wakifanya kazi watu waone, walipwe nauli na siku yao, si kuletwa kuimba na kucheza ngoma wakati wa ufunguzi kisha wanarudishwa. Na huu mpango wa serikali wa Ushanga Kenya unaofanya kazi na kina mama wa kaunti saba za wafugaji, Kajiado, Narok, Samburu, Marsabit, Turkana, Pokot Magharibi na Baringo, wakifundisha habari ya soko wafundishe na hili, kila mama atie jina lake kwa kazi kabla haijatoka mkononi mwake. Mahali pa kufanyia pia pangefikiriwa, Westlands ni mbali kwa mtu wa Kayole na siku za kazi wengi hatuwezi kufunga kibanda, lakini hilo ni dogo, wakiweka majina hata wafanyie wapi tutaenda. Mambo ya bei na mgao wa pesa nayaacha, yanataka barua yake.

Huku kwetu sisi tumeanza. Tumekaa mafundi wa safu yetu tukakubaliana kikaratasi hatukati tena bila kumuuliza mwenye mzigo. Tunamwambia tunaweza kukishonea ndani ya bitana, upande wa juu karibu na zipu, mahali hakiharibu sura ya mkoba na mwenye kununua atakiona akifungua, na hatuongezi bei. Kama ni cha katoni na kitaoza tunaandika jina upya kwa kipande cha ngozi kwa chuma cha moto, herufi zinakaa miaka. Wengine wamekataa, ni haki yao, wengine wamekubali na mmoja amerudi akasema wateja wake wa nje wameanza kuuliza kama huyo mama ana vingine.

Dizaina yeyote mwenye angependa kuona vile tunafanya aje Kariokor, aulize safu ya mafundi wa ngozi ataonyeshwa. Na waandaaji wa yale maonyesho kama watajibu kupitia gazeti hili nitashukuru, hasa kuhusu ile fomu ya meza, kabla hawajaanza kupokea maombi ya awamu ijayo.

Fundi wa ngozi,
Kariokor, Nairobi